Okidi yako inahitaji hewa kwanza, maji baadaye

MIONGONI mwa maua ya chungu yanayouzwa hapa Bujumbura, okidi ni la bei kubwa. Mnunuzi hatoi faranga zake bure, kwani okidi aina ya Phalaenopsis, ile yenye maua mapana mfano wa kipepeo, yaweza kukaa na maua miezi miwili hadi mitatu. Taabu huja baadaye. Maua yakishadondoka, mimea mingi hufa kabla ya mwaka kwisha, na mwenyewe husema okidi ni mmea wa Ulaya usioweza kuishi kwetu.

Kauli hiyo si kweli. Phalaenopsis asili yake ni misitu ya joto ya Asia, na sisi wenyewe tunazo okidi zetu katika msitu wa Kibira. Kinachoua okidi majumbani ni udongo mzito na maji ya kila siku.

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mtu mzima, aliniita: "Mwalimu, njoo uone, ua la mwanangu linakufa." Okidi hiyo aliachiwa na binti yake siku ya harusi, na sasa binti anaishi ng'ambo. Majani yalikuwa yamelegea na kukunjamana. Mama alidhani ni kiu, akawa anamwagia asubuhi na jioni. Tulipoing'oa tulikuta udongo mweusi umelowa chepechepe, na mizizi iliyobaki hai ilikuwa mitatu tu.

Mizizi iliyozoea kuning'inia

Msomaji akitaka kuelewa jambo hili, aitazame okidi inapoishi porini. Nimezaliwa na kusomea katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nchini Tanzania, nikarejea Burundi mwaka 2008. Tulipokwenda kutafuta kuni kwenye miombo tuliiona juu ya matawi okidi chui, Ansellia africana, yenye maua ya njano na madoa ya kahawia. Mizizi yake ilishika gome la mti bila udongo wowote. Mvua ilipokatika mwezi Mei, ilikaa miezi mitano hivi bila tone, na haikufa, kwa sababu huweka akiba ya maji katika mashina yake manene.

Phalaenopsis nayo huishi juu ya miti. Haina mashina ya akiba kama hayo, hivyo haiwezi kuvumilia kiangazi kirefu, lakini mizizi yake imevikwa tabaka nene kama sponji liitwalo velameni. Tabaka hilo hunyonya maji upesi mvua inaponyesha, kisha hukauka na kupitisha hewa. Likikaa ndani ya maji muda mrefu, mzizi hukosa hewa, huoza, na ukuvu humalizia kazi. Mzizi uliooza haunyonyi tena. Ndiyo maana okidi iliyozidishiwa maji hunyauka sawasawa na yenye kiu, na anayeongeza maji bila kutazama mizizi anaimaliza kabisa.

Nini kiwekwe ndani ya chungu

Usitumie udongo wa shamba, samadi wala unga wa mbao. Tumia vipande vinavyoacha nafasi kati yao, vyenye ukubwa wa sentimeta moja hadi mbili. Mchanganyiko ninaoutumia ni sehemu tatu za magome makavu ya msonobari, sehemu moja ya mkaa wa kuni, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Mkaa uoshwe majivu yote yatoke. Makumbi yalowekwe siku mbili na kubadilishiwa maji, kwa kuwa huwa na chumvi. Asiyepata magome atumie vipande vya matofali ya kuchoma au mawe mepesi ya volkano.

Chungu kiwe na matundu mengi chini. Cha plastiki inayoonyesha ndani ni bora zaidi, maana utaiona mizizi. Magome yakianza kuoza na kuwa laini, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili, badilisha yote.

Maji kwa kutazama mizizi

Mzizi wenye maji huwa kijani; ukikauka hugeuka rangi ya fedha. Mwagia mizizi inapogeuka. Kama chungu hakionyeshi ndani, chomeka kijiti kikavu, ungoje dakika kumi, kisha ukichomoe. Kikitoka na unyevu, subiri. Hapa Bujumbura wakati wa kiangazi waweza kumwagia kila baada ya siku tatu hadi tano. Masika, mara moja kwa wiki. Kule Mugamba kwenye baridi, siku kumi au zaidi.

Mwagia asubuhi, maji yapite na kutoka chini, na usiache kisahani kikiwa kimejaa. Maji ya mvua ndiyo bora. Yakituama katikati ya majani, yafute kwa kitambaa. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi suuza kwa maji matupu.

Iliyokwisha kuoza

Itoe chunguni, kata mizizi yote ya kahawia iliyolainika kwa wembe uliopitishwa motoni, uiache ipigwe na upepo kivulini siku moja, kisha uipande katika mchanganyiko mpya. Ndivyo tulivyofanya kwa yule mama. Wiki hii mzizi mpya umechomoza, kama sentimeta moja, na kumwagia sasa ni mara mbili kwa wiki.

Jambo la mwisho: okidi ikifa, usitume vijana wakang'oe nyingine Kibira. Msitu huo ni hifadhi ya taifa, na biashara ya okidi za porini kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Anayejua kutunza mizizi hana haja ya kwenda huko, kwani okidi moja ikitunzwa vizuri huchanua miaka mingi.