Vita vya Panzi, Furaha ya Muuzaji

Ukifika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, utamkuta mnadi amesimama mbele ya fungu la samaki, bei inapanda kinywani mwake. Tuseme fungu la changu limeanzia shilingi 30,000. Wanaolitaka ni wawili, mama lishe na mchuuzi. Bei inapanda kwa 5,000 mpaka mama lishe anataja 55,000. Mchuuzi anatikisa kichwa, anahamia fungu jingine. Mama lishe analipa, anabeba.

Sasa tuseme mama lishe yule ana shughuli siku hiyo, na moyoni alishajiandaa kufika hata 80,000. Hizo 25,000 zilizobaki kibindoni, aliyemwachia ni nani? Si mnadi, wala si mvuvi. Aliyemwachia ni mchuuzi, kwa kunyamaza. Watu wote pale wanamtazama aliyeshinda, ilhali bei imepangwa na aliyeondoka mikono mitupu.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mnadani kunguru ni muuzaji, na panzi lazima wawe wawili. Mwenye redio ya kaseti, feni ya zamani au vyombo vilivyojaa vumbi stoo, akitaka kuviuza kwa mnada wa mtandaoni, kazi yake kubwa si kumtafuta tajiri mmoja. Kazi yake ni kumpata mtu wa pili.

Mnada wa mtandaoni unaojulikana zaidi duniani ulianza Septemba 1995 huko California, Marekani, pale Pierre Omidyar, mtengeneza programu, alipofungua tovuti aliyoiita AuctionWeb. Baadaye ikawa eBay. Miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa humo ni kijitochi cha leza cha kuelekezea ubaoni, kibovu, mali ya Omidyar mwenyewe. Kilikwenda kwa dola 14.83. Aliyekinunua, mtu wa Kanada, alipoulizwa kama anajua kuwa hakifanyi kazi, alijibu kwamba yeye hukusanya vijitochi vibovu vya leza. Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kwamba kila takataka ina mtu wake. Mimi naona kinaonyesha zaidi. Mtu mmoja hawezi kujipandishia bei mwenyewe mpaka dola 14.83. Lazima kulikuwa na mwingine aliyekitaka, akaishia njiani.

Tazama jinsi mtambo wa eBay unavyofanya kazi. Mnunuzi hakai akitaja bei moja baada ya nyingine kama pale Feri. Anaandika kwa siri kiwango cha juu kabisa anachoweza kutoa, kisha programu inamnadia kidogo kidogo, na inasimama mara tu inapompita mwenzake. Mmoja akiandika dola 40 na mwingine dola 62, kitu kitauzwa kwa dola 41, yaani kiwango cha aliyeshindwa na dola moja juu yake. Mshindi anabaki na dola zake 21. William Vickrey, mchumi mzaliwa wa Kanada, alichapisha mwaka 1961 nadharia ya mnada ambao mshindi hulipa bei ya mtu wa pili, akaonyesha kwamba humo hakuna faida ya kuficha thamani halisi unayoiona. Mwaka 1996 alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, na baada ya siku tatu akafariki dunia. Lakini wauza stempu wa Marekani walikwisha kuutumia utaratibu huo kwa njia ya barua tangu 1893.

Basi tuchukue kitu kimoja tukiuze. Iwe cherehani ya bibi, Singer nyeusi ya mkono, imekaa pembeni ya kabati miaka mingi bila kuguswa.

Kikwazo cha kwanza ni mwenye mali. Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha mwaka 1990 majaribio waliyoyafanya kwa vikombe vya kawaida vya kunywea. Baadhi ya watu walipewa kikombe na kuulizwa watakiuza kwa kiasi gani. Wengine waliulizwa watakinunua kwa kiasi gani. Katika jaribio mojawapo, wenye vikombe walitaka takriban dola 7, na wasio navyo walikuwa tayari kutoa takriban dola 3. Kikombe ni kilekile, na waliopewa walikuwa wamekaa nacho muda mfupi tu. Sasa fikiria cherehani iliyoshona sare zako za shule ya msingi. Bei iliyo kichwani mwako imechanganyika na bibi, na bibi hauzwi. Ndiyo maana mnada unafaa kwa vitu vya namna hii: unakuondolea kazi ya kupanga bei, kazi ambayo mwenye kitu huwa haiwezi.

Kikwazo cha pili ni jina. Tangazo linalosema "cherehani ya zamani nzuri sana" litaonwa na majirani. Igeuze cherehani, ifute vumbi. Namba ya toleo, tuseme 15K, na namba ya mashine iliyogongwa kwenye chuma ndizo habari zenyewe. Hiyo K inamaanisha iliundwa katika kiwanda cha Kilbowie, Clydebank, huko Scotland, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Namba ya mashine, mara nyingi herufi moja au mbili zikifuatwa na tarakimu, hulinganishwa na majedwali ya Singer na kukupa mwaka. Fundi anayetafuta kipuri na mkusanyaji wa mashine za kale hawatafuti "nzuri sana". Wanatafuta 15K. Wazoefu wa eBay wanaijua siri hii kwa upande wa pili: hutafuta kwa makusudi bidhaa ambazo majina yake yamekosewa herufi, kwa kuwa huko hakuna mshindani. Ukikosea jina la kitu chako, mtu wa kwanza anaweza kukiona kwa bahati. Wa pili hatakiona, na umeuza kwa bei ya kuanzia.

Kikwazo cha tatu ni ubovu. Desturi yetu ni kuuficha na kumwachia mnunuzi agundue mwenyewe. Walioagiza magari ya mtumba kutoka Japani wanaijua karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari uliojaa alama: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, na tarakimu inayofuata ni ukubwa wake. Mtu wa Mwanza au Mombasa hununua gari ambalo hajaligusa kwa kuisoma karatasi hiyo. Kwa nini mwenye gari akubali mikwaruzo yake ianikwe namna hiyo? George Akerlof, mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi mwaka 2001, alikwisha kulieleza jambo hilo katika makala yake ya 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha zima na bovu, huyapa yote bei ya wastani, na wenye mazima wanaacha kuyaleta sokoni.

Kwa hiyo iandikie cherehani yako karatasi ya mnada. Mpini wa kuzungushia una ufa. Sindano inapanda na kushuka. Haijajaribiwa kwa kitambaa. Sanduku la mbao limeliwa na mchwa upande mmoja. Piga picha mchana, karibu na dirisha, na kila ubovu upate picha yake. Unadhani unawafukuza wanunuzi, kumbe unawaondolea hofu. Anayejua hasara yake ilipo anaweza kuipigia hesabu. Asiyejua hukaa kando, na mara nyingi anayekaa kando ndiye yule wa pili.

Jina la muuzaji nalo lina bei. Watafiti wa Marekani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2006, walimtumia muuzaji halisi wa kadi za posta za kale kwenye eBay. Kadi zinazofanana aliziuza kwa jina lake lenye sifa za miaka mingi na kwa majina mapya yasiyojulikana. Wanunuzi walikuwa tayari kulipa takriban asilimia 8 zaidi kwa jina linalofahamika. Anayeanza leo aanze na vitu vidogo, avifunge vizuri, avitume kwa wakati, ndipo alete cherehani.

Bei ya kuanzia je? Bei ndogo huita watu, na watu huita watu. Lakini wasipofika wawili, bei hiyo ndiyo utakayolipwa. Kanuni yangu ni rahisi. Muulize anayepita mtaani akinunua chuma chakavu atakupa kiasi gani kwa kilo, kisha pima. Huyo ndiye mnunuzi wako wa mwisho, na bei yake ndiyo ya chini kabisa. Anzia juu yake kidogo, mahali ambapo hata akija mtu mmoja tu hutajuta.

Muda wa kufunga nao una mchezo wake. eBay hufunga kwa saa iliyopangwa, hata kama bei inapanda sekunde ya mwisho. Kwa hiyo wapo wanunuzi wanaovizia: wanakaa kimya siku saba, wanaibuka zimebaki sekunde chache ili mwenzao asipate nafasi ya kujibu. Mwaka 2002 Alvin Roth na Axel Ockenfels walichapisha utafiti uliolinganisha eBay na mnada uliokuwa ukiendeshwa na Amazon, ambao ulikuwa ukiongeza dakika 10 kila bei mpya ilipoingia mwishoni. Kwenye Amazon uviziaji ulikuwa haba, kwa sababu haukuwa na faida. Mviziaji anajaribu kumziba mdomo mtu wa pili, na dakika zile 10 humrudishia mtu wa pili sauti.

Hapa ndipo penye somo kwa huku kwetu. Masoko makubwa ya mtandaoni ya vitu vilivyotumika Afrika Mashariki, kama Jiji, ni ya bei iliyotajwa na maelewano. Minada ya vitu vya nyumbani hufanyika pia ndani ya makundi ya WhatsApp, ila huharibiwa na maneno mawili: "Bei inbox." Muuzaji anadhani anajilinda, kumbe amewatenga panzi vyumba tofauti. Kila mmoja anabembeleza peke yake, na hakuna anayemwona mwenzake akipanda. Ukitaka mnada wa kweli, tangaza kundini bei ya kuanzia, kiwango cha kupandia, na saa ya kufunga, tuseme saa 3 usiku watu wakiwa wametulia na simu zao. Ongeza sharti la dakika 10: bei mpya ikiingia karibu na mwisho, saa inasogea. Kila bei iandikwe mbele ya wote. Wala usimtume shemeji akupandishie. Masoko ya mnada hukataza hilo, na siku shemeji akishinda utabaki na cherehani yako na aibu juu. Ukianza kunadi mali za watu wengine kama kazi, kumbuka kwamba Tanzania na Kenya zina sheria za wapiga mnada zinazodai leseni.

Si kila kitu kinafaa kunadiwa. Wanunuzi wa friji la milango miwili ni wale wanaoweza kukodi kirikuu kulifuata, na pengine mtaani kwako yupo mmoja tu. Simu ya kawaida ya mwaka juzi bei yake inajulikana kila kona, hivyo mnada hautaigundulia jipya. Hata eBay yenyewe, iliyoanza kama mnada mtupu, leo sehemu kubwa ya bidhaa zake zina bei iliyopangwa. Mnada umebaki na nguvu kwenye vitu vilivyotumika na vya pekee, ambavyo hakuna anayejua bei yake. Ndiyo maana cherehani ya bibi imo, na friji halimo.

Mambo ya usalama ni machache na hayana mjadala. Usiamini ujumbe wa malipo unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Tazama salio lako mwenyewe. Kitu kikisafiri kwa basi, piga picha ya mzigo ukiwa umefungwa na utunze risiti. Simu au kompyuta ifute kila kitu kabla haijatoka mkononi, na laini na kadi ya kumbukumbu vibaki kwako. Kutana na mnunuzi mahali penye watu.

Kabla ya kupiga picha ya kwanza, keti dakika moja uwafikirie watu wawili, si mmoja, watakaokigombania kitu chako. Ukiweza kusema ni akina nani na wanatafuta neno gani, kinadi. Ukimwona mmoja tu, mtajie bei mkubaliane. Usipomwona yeyote, msubiri mwenye mzani wa chuma chakavu. Atapita.