Sahihi ya Mke Aliyebaki Lubumbashi

Kati ya Januari na katikati ya Aprili, familia nyingi za Lubumbashi zenye mtu wao Marekani hupata ombi lilelile kwenye WhatsApp. Mume aliyeko Cedar Rapids, Lexington au Dallas anatuma picha za karatasi na kumwambia mkewe wa Katuba au Kampemba: Mama, tia sahihi hapa, unirudishie leo. Mama anatia sahihi kwa sababu anayeomba ni mume wake. Mara nyingi hakuna aliyemweleza kwamba kwa sahihi hiyo anakuwa mlipakodi wa Marekani, nchi ambayo hajaikanyaga, wala kwamba karatasi hiyohiyo inaweza kusomwa miaka kadhaa baadaye na ofisa anayepima kama ndoa yao ni ya kweli.

Makala hii naiandika kwanza kwa ajili yake, kisha kwa mume.

Tuanze na viza, maana ndipo mambo yanapobadilika. Wengi wetu hufikia kadi ya kijani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni loto ya Marekani, iliyowekwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990 na inayotenga viza zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Ya pili ni ile ya kijana aliyekwenda kusoma kwa viza ya F-1, akakaa, kisha akabadilishiwa hadhi akiwa hukohuko. Kwa ofisi ya uhamiaji wote wawili ni wakaazi wa kudumu. Lakini ofisi ya kodi, IRS, ina hesabu yake. Mwanafunzi wa F-1, kwa kawaida, hahesabiwi siku zake katika miaka mitano ya kalenda ya kwanza. Anaweza kulala Iowa usiku 365 na bado kodi ikamwona kama mgeni asiye mkaazi, anayejaza fomu 1040-NR na kutozwa kwa mapato ya Marekani peke yake. Siku anapokubaliwa kadi ya kijani, hesabu hiyo inageuka. Kuanzia siku hiyo ni mkaazi, na mkaazi hutangaza mapato yake ya dunia nzima: mshahara wa Dallas pamoja na pango la nyumba anayopangisha Kamalondo.

Mwaka wa mabadiliko yenyewe una matata yake. Aliyepata kadi mwezi wa saba amekuwa mgeni kwa nusu ya mwaka na mkaazi kwa nusu nyingine. Mwaka wa namna hiyo haumpi punguzo la kawaida ambalo wakaazi wengine hukata kwenye mapato yao kabla ya kodi kupigwa. Wengi hawalijui hilo. Wanajaza fomu 1040 kama majirani zao, wanapokea marejesho makubwa, halafu barua ya IRS inawafikia wakiwa wamekwisha kuzitumia hela.

Sasa ndoa. IRS haiulizi mke analala wapi. Inauliza kama tarehe 31 Desemba ya mwaka ule ulikuwa na ndoa halali. Kama ulikuwa nayo, umeoa, hata kama mke yuko Ruashi na hamjaonana tangu uwanja wa ndege wa Luano. Kisanduku cha "sijaoa" kimefungwa kwako. Hapa ndipo kosa kubwa kabisa linapotokea, na mara nyingi linatokana na ushauri wa ndugu: "Mke hayuko hapa, weka tu kwamba uko peke yako." Ushauri huo una madhara mawili. Tamko la kodi linakuwa la uongo. Na mume akishafungua faili la kumwombea mke viza, serikali moja inashika karatasi mbili zenye sahihi yake: moja inasema ana mke tangu mwaka fulani, nyingine inasema hana. Fomu I-864, ambayo kwayo mume anaahidi kumtunza mkewe, inadai aambatishe tamko lake la kodi la mwaka wa karibuni. Kwa hiyo ofisa hana haja ya kulitafuta. Anapelekewa mkononi.

Ndoa halali ni ipi kwetu? Marekani kwa kawaida hufuata sheria ya mahali ndoa ilipofungwa. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatambua ndoa iliyofungwa katika familia kwa desturi, mahari ikiwa imetolewa, lakini inataka isajiliwe kwa ofisa wa etasivili. Katika komini zote saba za Lubumbashi wako watu waliotoa mahari, wakala pilau, wakazaa watoto watatu, na hawakufika etasivili hata siku moja. Halafu loto inatoka. Kwenye fomu mume aliandika hana mke kwa kuwa hakuwa na cheti. Mtu wa namna hiyo asianze na mtaalamu wa kodi. Aanze na mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu kanuni za loto zinadai mke aandikwe tangu ombi la kwanza, na kumwacha kunaweza kuharibu kesi nzima. Mambo ya kodi yatafuata jibu atakalopewa. Na wewe ambaye hujaondoka bado, pitia komini yako mwezi huu ukasajili ndoa. Siku ya mahojiano Kinshasa, ubalozini, karatasi inayoaminika ni cheti cha ndoa cha etasivili. Picha za sherehe ni nyongeza.

Aliyeoa kihalali anabaki na njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kutoa tamko lake peke yake kama mtu mwenye ndoa. Mke hahusiki, hatii sahihi, mapato yake ya Lubumbashi hayatajwi. Ya pili ni tamko la pamoja. Kwa kawaida mke asiye mkaazi haruhusiwi kuingia humo, lakini sheria imeacha mlango: kifungu cha 6013(g) kinawaruhusu wenzi wachague mke atazamwe kama mkaazi kwa ajili ya kodi ya mapato, alimradi mume awe raia au mkaazi mwisho wa mwaka. Uchaguzi huo hufanywa kwa taarifa iliyoandikwa, yenye sahihi za wote wawili, ikiambatishwa kwenye tamko la mwaka wa kwanza. Mlango huohuo unamsaidia na yule wa mwaka uliogawanyika: akichagua, anatazamwa kama mkaazi mwaka mzima na punguzo la kawaida linarudi.

Tuone hesabu. Mume ana kadi ya kijani mwaka mzima wa 2025, anafanya kazi ghalani, amepata dola 42,000. Mke ni muuguzi hapa Lubumbashi, anapata dola 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Mume akitangaza peke yake, punguzo lake ni dola 15,750. Zinabaki 26,250, na kodi ya taifa inakuwa karibu dola 2,910. Wakitangaza pamoja, mapato yanapanda hadi 46,800 lakini punguzo ni 31,500. Zinabaki 15,300, kodi karibu dola 1,530. Tofauti inakaribia dola 1,400. Hiyo ni karo, au nusu ya safari ya kuja kumwona mke. Sishangai kwamba waume wanaikimbilia, na kwa familia nyingi ndiyo njia iliyo bora.

Badilisha namba moja tu, picha inageuka. Mke si muuguzi wa dola 400. Ni mhandisi kwenye kampuni ya shaba, analipwa dola 5,000 kwa mwezi. Sasa dola 60,000 zake zinaingia kwenye hesabu ya Marekani. Kodi aliyokatwa na mwajiri na kupelekwa DGI, ofisi ya kodi ya Kongo, inaweza kumpa nafuu huko, kwa fomu 1116, lakini mkataba wa kodi ya mapato kati ya Kongo na Marekani haupo, hivyo anategemea sheria ya Marekani peke yake. Atahitaji karatasi za mshahara na uthibitisho wa kodi iliyolipwa, mwezi kwa mwezi. Atakayezikosa hataipata nafuu hiyo. Kwa familia kama hiyo, mume kutangaza peke yake mara nyingi ndiyo njia salama.

Uchaguzi huu una meno ambayo hayaonekani kwenye picha ya WhatsApp. Hauishi mwaka ukiisha. Unaendelea miaka inayofuata mpaka ubatilishwe, au kifo au talaka iukatishe. Mwaka ujao, hata mkitangaza kila mmoja peke yake, mke bado ni mkaazi machoni pa IRS na mapato yake ya hapa yanahesabiwa. Ukibatilishwa, si mume si mke atakayeweza kuuchagua tena. Na lililo zito kuliko yote: anayetia sahihi tamko la pamoja anabeba deni lote. Mume akificha mapato ya teksi aliyoendesha usiku, au akiandika watoto wasio wake, IRS inaweza kumdai mke kodi yote na adhabu. Ipo fomu 8857 ya kuomba msamaha kwa mwenzi ambaye hakujua, lakini kuishinda si kazi rahisi. Ndiyo maana nasema mke ana haki ya kusoma kabla ya kutia sahihi, na mume anayemheshimu mkewe atamtumia kurasa zote, si ule wa sahihi tu.

Kwa tamko la pamoja mke anahitaji namba. Kama hana namba ya Social Security, anaomba ITIN, namba ya mlipakodi asiye na Social Security, kwa fomu W-7, inayopelekwa Austin, Texas, pamoja na tamko lenyewe. Wanataka paspoti halisi au nakala iliyothibitishwa na mamlaka iliyoitoa. Nakala iliyogongwa muhuri na notari wa mjini hairudishi jibu zuri. Paspoti ikipelekwa Austin inaweza kukaa wiki nyingi, na mke anayengoja mwaliko wa Kinshasa hawezi kukaa bila paspoti. Njia ya kati ni wakala aliyeidhinishwa na IRS kuthibitisha hati: paspoti inamfikia yeye, anaikagua, anairudisha. Siku mke atakapofika Marekani na kupewa namba ya Social Security, ITIN inaachwa, na IRS iandikiwe waunganishe kumbukumbu.

Kuhusu watoto niseme wazi, kwa sababu jambo hili linaumiza wengi. Baba anatuma hela kila mwezi kwa watoto wanne wa Kenya, komini yetu, na kwa mama yake mzee. Moyoni ni wategemezi wake. Kwa sheria ya Kongo mwajiri alizoea kupunguza kodi ya mshahara 2% kwa kila anayetunzwa, hadi watu tisa, kwa hiyo baba anaona ni haki yake. Marekani hakuna kitu hicho. Mtegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Kanada au Meksiko. Watoto walioko Lubumbashi ambao si raia wala wakaazi wa huko hawaandikwi, hata baba akionyesha risiti zote za Western Union.

Hapo ndipo waandaaji wa kodi wa mtaani wanapoingiza kisanduku cha "mkuu wa kaya", kwa kuwa punguzo lake ni kubwa. Ni kweli kwamba mume mwenye mke asiye mkaazi anaweza kukitumia, ikiwa hawakuchagua tamko la pamoja. Lakini lazima awe na mtu anayestahili, kwa mfano mtoto aliyeondoka naye na anayeishi chini ya paa lake zaidi ya nusu ya mwaka, naye baba alipe zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Mke mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu huyo. Mpwa wa jirani aliyeazimwa jina, hapana. Aliyedai nafuu za watoto au za kipato cha chini kwa uzembe anaweza kufungiwa kuzidai miaka miwili, na kwa udanganyifu miaka kumi. Mwandaaji anayelipwa lazima atie sahihi yake na namba yake ya PTIN kwenye tamko. Akikataa, chukua karatasi zako uondoke. Vituo vya mpango wa IRS uitwao VITA huwaandalia tamko bure wenye kipato cha kawaida, ingawa si kila kituo kinapokea kesi ya mwenzi aliye nje.

Aliyekosea miaka iliyopita bado ana nafasi. Fomu 1040-X hurekebisha tamko, na kwa kawaida tamko la pamoja linaweza kuchukua mahali pa lile lisilo sahihi ndani ya miaka mitatu. Arekebishe kabla ya kufungua faili la mke, asingoje kuulizwa. Na mwenye kadi ya kijani asijaribu kurudi kwenye 1040-NR ili alipe kidogo. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama, tangu upate ukaazi wa kudumu, uliwahi kujiita asiye mkaazi kwenye kodi, na jibu la ndiyo linaweza kusomwa kwamba uliuacha ukaazi wako.

Mwisho wa kutangaza ni 15 Aprili. Fomu 4868 inaongeza muda wa kutangaza hadi 15 Oktoba, lakini haiongezi muda wa kulipa. Kwa hiyo, Mama, hakuna haraka inayokulazimisha kutia sahihi usiku huu. Mwombe mumeo kurasa zote, angalia kisanduku cha ndoa, angalia majina ya watoto, angalia kama mshahara wako umeandikwa, uliza anayeandaa ni nani. Ukiridhika, tia sahihi, na ubaki na nakala yako Lubumbashi.