Njano ya Nani, Nyekundu ya Nani?

Mimi ni mwandika mabango. Nilizaliwa Mbale, karakana yangu iko Jinja, na kazi ya mikono yangu imetapakaa kwenye kuta za barabara ya Tirinyi iliyo kati ya miji hiyo miwili. Ukipita na matatu Namutumba, Budaka au Kamonkoli utakuta maduka yaliyopakwa rangi ya kampuni kuanzia msingi hadi chini ya mabati: njano ya MTN, nyekundu ya Airtel. Gari likiwa kasi husomi neno hata moja, ila umeshajua wakala wa pesa za simu yuko wapi. Hata mtoto ambaye hajaanza shule anatumwa "pale kwenye njano" na anafika.

Kwa hiyo mteja akija na jina la biashara alilokesha usiku kucha akilitafuta, namsikiliza kwa heshima, kisha namuuliza rangi. Rangi hutangulia, jina hufuata, na mara nyingi rangi hudumu kuliko jina.

Nenda kwenye ukuta wowote wa zamani ulio mwekundu leo, ukwangue kwa kisu cha putti. Huenda chini ya Airtel ukakuta Zain, na chini ya Zain ukakuta Celtel. Kampuni ni moja: Celtel ilianza kazi Uganda mwaka 1995, ikaitwa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Kila jina lilikuja na sura yake, na mafundi tukapanda ngazi upya. MTN iliingia nchini mwaka 1998. Mwaka 2022 ilibadilisha nembo yake ya duara refu, ikabakiza mistari na herufi nyeusi, lakini njano haikuguswa. Wateja hawakuhitaji kufundishwa chochote. Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka Vodacom ilipoiacha buluu na kuvaa nyekundu mwaka 2011. Jina lilikuwa lile lile, lakini duka lilionekana geni.

Kwa nini njano inakamata jicho hivi? Sababu ya kwanza iko ndani ya jicho lenyewe. Mchana, jicho la binadamu huhisi zaidi mwanga wa kijani unaoelekea njano, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Weka herufi nyeusi juu ya njano na tofauti ya mwanga na giza inakuwa kubwa mno. Mtu anaisoma akiwa juu ya bodaboda. Jioni mambo hubadilika. Giza linapoingia, jicho huhamia kwenye hisia nyingine, yenye kilele karibu na nanomita 507, upande wa kijani na buluu. Hapo nyekundu ndiyo hufa mapema. Mwanasayansi Jan Purkyně wa Bohemia alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, na mtu yeyote anaweza kulishuhudia Main Street ya Jinja umeme ukikatika saa moja kasoro: kibanda chekundu kinageuka cheusi wakati mlango wa buluu wa jirani bado unaonekana vizuri. Mwenye duka la dawa linalofungwa usiku wa manane namwambia wazi: kama unapenda nyekundu, nunua na taa.

Njano nayo ina gharama yake. Haifuniki. Ukiipaka juu ya nyekundu iliyozeeka inatoka chungwa lililochoka, kwa hiyo lazima nyeupe itangulie, kisha njano mara mbili, wakati mwingine tatu. Na nyekundu za bei nafuu huliwa na jua. Upande wa magharibi wa jengo hubaki waridi, na biashara inaonekana imefilisika hata kama haidaiwi na mtu.

Lakini jicho ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni majirani. Tangu vyama vingi virudi kwa kura ya maoni ya mwaka 2005, njano huku kwetu ni ya chama cha NRM pia, buluu ni ya FDC, na nyekundu siku hizi ni ya NUP. Mwezi Septemba 2019 jeshi lilitangaza kofia nyekundu za bereti kuwa mali yake, raia wasizivae. Rangi ina uzito huo! Kwa hiyo mwenye saluni akitaka nyekundu tupu miezi michache kabla ya uchaguzi, namuuliza kama yuko tayari wapita njia wamhesabu upande fulani. Wengine wako tayari. Wengine huongeza nyeupe au waridi, na maana inapoa papo hapo.

Mbale, mji wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, mkahawa wa kijani na nyeupe unasomwa na wengi kuwa ni wa halali kabla hawajaona maandishi. Kijani hicho hicho kwenye duka la mbegu na mbolea kinasema shamba. Wanaouza vitabu vya "maana za rangi" hawaliandiki hili, nami naona wanawapotosha wafanyabiashara wadogo. Hakuna kijani cha dunia nzima. Kuna kijani cha mtaa huu, karibu na duka lile, mwaka huu.

Mama mmoja wa Mbale anayeuza kahawa ya arabika ya Mlima Elgon aliniletea pakiti nimchoree. Alitaka kahawia na dhahabu. Nikamwomba twende dukani kwanza. Rafu nzima ilikuwa kahawia na dhahabu.

"Mwanangu," akasema, "hapa hata mimi sitajiona."

Tukachagua nyeupe, na juu yake buni mbivu nyekundu, moja tu, kubwa. Rangi chache pia zilipunguza bei ya kuchapa. Alisisitiza jambo moja: nyeupe isifike chini. Pakiti zake husafiri kwenye buti za matatu na hushikwa na mikono yenye vumbi jekundu, na kahawa yenye pakiti chafu hainunuliwi. Nikamwekea utepe wa kahawia wa vidole vitatu chini. Alikuwa anawajua wateja wake kuliko mimi.