Kabla hujampa fundi zulia, jua ni la nyuzi gani

Aprili, masika yakiwa yamekolea jijini Dar es Salaam, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka saba kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Mtoto ana pumu. Mara ya kwanza alikuja akikohoa usiku na kupiga chafya kila asubuhi. Nilimwandikia dawa, nikamwelekeza mama namna ya kutumia inhela, kisha nikaongeza ushauri ambao madaktari wengi huutoa mgonjwa akiwa tayari anaaga: "Na lile kapeti la sebuleni, lifueni."

Safari hii hali ilikuwa mbaya zaidi. Mtoto alihema kwa shida, mbavu zikiingia ndani, na hakuweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Tulimpa oksijeni na dawa ya kupanua njia za hewa, akalala wodini siku mbili. Alipopata nafuu nikaanza kuuliza nini kimebadilika nyumbani.

"Hakuna, daktari," mama alisema. "Tena kapeti tumelifua kama ulivyotuambia."

"Mlilifulia wapi?"

"Pale wanapoosha magari, karibu na kwetu. Wakalianika ukutani siku mbili, wakaturudishia."

"Lilikuwa limekauka?"

Akafikiri kidogo. "Juu lilikuwa kavu. Ila linanuka kama nguo iliyolala na maji."

Zulia lenyewe lilikuwa la sufu, zawadi ya harusi kutoka kwa kaka yake anayefanya kazi Muscat. Baba wa mtoto alipolikunja jioni ile, alikuta sakafu chini yake ina unyevu na mgongo wa zulia umeota madoa meusi ya ukungu. Siwezi kuapa kwamba ukungu ule pekee ndio uliomlaza mtoto, maana masika huja pia na mafua, na virusi vya mafua huamsha pumu kwa watoto wengi. Lakini najua nilitoa ushauri nusu. Nilisema "lifueni" bila kuuliza ni zulia la nini.

Nyuzi zinahusianaje na kifua cha mtoto?

Zulia ni ghala la vumbi. Ndani yake huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasiofika hata nusu milimita, ambao hula magamba ya ngozi yanayotudondoka kila siku. Hawaumi mtu. Kinachomsumbua mwenye mzio ni kinyesi chao na mabaki ya miili yao, ambayo hupeperuka mtoto anapocheza juu ya zulia, yakaingia puani na kifuani. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliuhusisha utitiri huu na mzio wa vumbi la nyumbani mwaka 1964, na tangu wakati huo zulia halijaacha kuulizwa kwenye vyumba vya madaktari wa pumu.

Wadudu hawa hawanywi maji. Hupata maji yao kutoka kwenye unyevu wa hewa. Ukungu nao huhitaji unyevu ili uote. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya nyumba unaeleza kwamba watu wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hupata zaidi dalili za kifua na pumu. Kwa hiyo zulia lililofuliwa vizuri humsaidia mtoto, na lililofuliwa likabaki na maji humdhuru. Kinachoamua ni upi kati ya hayo utakupata, kwa sehemu kubwa, ni nyuzi zake.

Sufu inaweza kubeba unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake bila mkono wako kuhisi kwamba imelowa. Kwa hesabu hiyo, zulia la sufu la kilo 15 linaweza kuficha zaidi ya lita nne za maji na wewe ukaona ni kavu. Polipropilini, ile plastiki iliyo kwenye mazulia mengi ya bei nafuu, karibu hainyonyi maji kabisa. Anayezifua zote mbili kwa mashine moja ya presha na kuzianika siku moja, moja ataikausha na nyingine ataiozesha.

Makundi matatu ya mazulia

Kundi la kwanza ni nyuzi za wanyama, yaani sufu na hariri. Haya huoshwa kwa maji baridi au ya vuguvugu na sabuni laini. Klorini ya kung'arishia nguo ni mwiko, kwa sababu huyeyusha nyuzi zenyewe. Hukauka polepole.

La pili ni nyuzi za mimea: pamba, mkonge na juti, ambayo ndiyo nyuzi ya magunia. Humo tunaiweka na viskosi, inayong'aa kama hariri lakini hutengenezwa kwa miti. Nyuzi hizi hunyonya maji, hukauka taratibu na zinaweza kunywea. Mkonge na juti hubaki na madoa ya kahawia, na viskosi hupoteza nguvu ikilowa. Zulia la kundi hili lisiloweshwe chapachapa. Linahitaji kunyonywa vumbi kwa mashine na kusafishwa kwa maji machache sana.

La tatu ni nyuzi za viwandani: nailoni, poliesta na polipropilini. Yale mazulia laini ya manyoya marefu yaliyojaa sebuleni kwetu mara nyingi ni ya kundi hili. Yanastahimili maji, ila joto kali linaweza kuyaharibu. Tahadhari nyingine ni mgongo wake. Manyoya yanaweza kuwa plastiki tupu huku mgongo ukiwa wa juti au kitambaa kilichobandikwa kwa gundi, na huko ndiko maji hujificha.

Namna ya kulitambua la kwako

Anza na lebo. Geuza pembe za zulia utafute kitambaa kidogo kilichoshonwa au kubandikwa. Kama hujui maneno yaliyoandikwa, yapige picha umwoneshe fundi.

Lebo ikikosekana, tazama mgongo. Zulia lililofumwa kwa mkono huonesha michoro ileile nyuma kama mbele, na matamvua yake ni mwendelezo wa nyuzi za zulia lenyewe, hayakushonwa pembeni. La namna hiyo aghalabu ni la sufu, pamba au hariri. Mgongo wenye wavu mgumu na gundi ni wa kiwandani, na hapo manyoya yanaweza kuwa ya nyuzi yoyote.

Kisha chomoa nyuzi chache kutoka pembe isiyoonekana. Ziweke kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, uzibonyeze ili hewa itoke. Zikirudi juu na kuelea, hiyo ni polipropilini. Nailoni, poliesta, pamba na sufu huzama.

Kipimo cha mwisho ni moto, na hiki ni cha mtu mzima tu, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali. Shika uzi mmoja kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji, kamwe usiushike kwa vidole, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzima haraka ukiutoa moto, na majivu yake husagika. Pamba, juti na viskosi huwaka na kunuka kama karatasi, zikaacha majivu mepesi. Nyuzi za viwandani huyeyuka na kuacha kitone kigumu kama shanga. Nyuzi zinaweza pia kuwa mchanganyiko, hivyo ukipata majibu mawili yanayopingana, lichukulie zulia lako kuwa la aina iliyo dhaifu zaidi.

Mambo ya kumuuliza fundi

Mwambie fundi ulichokigundua, kisha muulize maswali manne. Utatumia sabuni gani? Maji utayatoaje, kwa mashine ya kunyonya au kwa kuning'iniza tu? Utalikaushia wapi mvua ikinyesha? Na utanirudishia baada ya muda gani? Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuuliza pia kama kuna doa la mkojo wa mtoto au wa paka, na atapima rangi kwanza kwa kukandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye pembe moja kuona kama inachuja.

Kuhusu mkojo, naomba wazazi mlishike hili. Usimwage klorini kwenye zulia lenye mkojo. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa gesi inayochoma macho na njia za hewa. Usiichanganye klorini na siki wala dawa ya kusafishia choo, maana matokeo yake ni gesi ya sumu. Kwa mtoto mwenye pumu, pumzi chache za gesi hiyo zinatosha kumleta hospitali.

Zulia linapaswa liwe limekauka ndani ya saa 24 hadi 48. Likizidi hapo, ukungu hupata nafasi. Ndiyo maana zulia la sufu au la mkonge ni bora lisubiri masika yapite, hata kama Idd au Pasaka imekaribia, isipokuwa fundi ana feni na chumba cha kukaushia.

Likirudi nyumbani

Usilitandike papo hapo. Weka kitambaa cheupe kikavu kwenye mgongo wake, kandamiza kwa goti kwa dakika moja, kisha kishike. Kikiwa na ubaridi au unyevu, lirudishe. Lipanue manyoya uguse kwenye mizizi, na unuse mgongo. Harufu ya uvundo ni jibu tosha. Kama manyoya yananata au yanatoa povu ukiyasugua kwa kitambaa chenye maji, sabuni haikutolewa yote, na masalia hayo yanaweza kukera ngozi ya mtoto anayetambaa na kifua cha mwenye pumu.

Zulia ambalo mgongo wake umeshaota ukungu mara nyingi haliokoleki. Mama yule alilitoa lile la Muscat. Aliniambia limemuuma, na nilimwelewa.

Kuna jambo moja zaidi. Kufua zulia si tiba ya pumu. Utitiri hukaa zaidi kwenye godoro na mito, hivyo fua mashuka na foronya kila wiki, kwa maji ya moto ya nyuzijoto 60 ukiweza. Chumba anacholala mtoto mwenye pumu kikae bila zulia. Mkeka unaokung'utwa na kuanikwa juani unamtosha. Dawa ya kuzuia pumu aliyoandikiwa isiachwe kwa sababu nyumba imekuwa safi. Na ukiona mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, anashindwa kuongea au kunyonya, au inhela haimsaidii, mpe dawa yake huku mkiwa njiani kwenda hospitali.

Binti yule sasa anaendelea vizuri, kwa dawa na kwa sebule yenye sakafu tupu. Nami nimebadilika kidogo. Kabla sijamwambia mzazi yeyote afue zulia, namuuliza kwanza: ni la nyuzi gani?