Salim Ahmed Salim: Kura zilitosha, turufu ikamzuia

Oktoba 1981, wajumbe 15 wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa walijifungia New York kumtafuta Katibu Mkuu. Kila mjumbe aliruhusiwa kumuunga mkono zaidi ya mgombea mmoja. Kura za duru ya kwanza zilipohesabiwa, Mtanzania mwenye umri wa miaka 39 alikuwa na 11. Kurt Waldheim wa Austria, aliyekalia kiti hicho tangu 1972 na kutaka muhula wa tatu, alipata 10.

Kura tisa zilitosha. Lakini katika baraza lile nchi tano zina turufu, na mojawapo ikikataa, kura za wengine wote hazina kazi. Marekani ilimkataa Salim. China ikamkataa Waldheim. Wakarudia, na kurudia tena, hadi duru 16, kila mwenye turufu akiwa pale pale aliposimama. Desemba kiti cha urais wa baraza kilimfikia kijana wa Uganda, Olara Otunnu, na ndiye aliyewaomba wote wawili wakae kando. Waldheim alitangulia, Salim akafuata. Tarehe 11 Desemba akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Ili kuelewa kwa nini Washington ilishupaa namna ile, turudi nyuma miaka kumi, usiku wa 25 Oktoba 1971. China ya Mao ilikuwa nje ya Umoja wa Mataifa, na kiti chake kilikaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan. Marekani, ikiwakilishwa na George H. W. Bush, ilitaka suala hilo lihitaji theluthi mbili ya kura. Ikashindwa. Kisha azimio namba 2758, ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliwasilisha, likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, huku 17 wakijizuia. Mabalozi wa Afrika walisimama, wakashangilia na kukumbatiana. Simulizi ya balozi wa Tanzania kucheza katikati ya ukumbi ikaenea duniani. Balozi huyo alikuwa Salim, na umri wake ulikuwa miaka 29.

Wapo wanaosema furaha ya usiku ule ndiyo iliyomgharimu. Mimi sikubaliani nao. Kilichomgharimu ni kazi yake. Tangu 1972 aliongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, ile iliyojulikana kama Kamati ya 24, naye hakuiongoza kama mtu wa kusubiri barua. Aprili 1972 kamati hiyo ilituma wajumbe watatu kuingia Guinea-Bissau, katika maeneo yaliyokombolewa na wapiganaji wa PAIGC, bila ruhusa ya Ureno. Walikwenda kwa miguu, usiku, chini ya ulinzi wa wapiganaji, wakaona shule na zahanati za msituni kwa macho yao. Ureno ilikuwa ikidai hakuna eneo lililoitoka mkononi. Waliporudi, dai hilo halikuwa tena na pa kusimamia. Mtu anayefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka minane, akiisemea Namibia, Zimbabwe na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, hawezi kuwafurahisha wakubwa wote.

Safari ya Salim katika diplomasia ilianza mapema mno. Salim alizaliwa Zanzibar tarehe 23 Januari 1942. Ujana wake aliupitia katika siasa za wanafunzi na uandishi wa magazeti, katika chama cha Hizbu na baadaye chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, kilichosimama upande wa Mapinduzi ya 1964. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Cairo ya Gamal Abdel Nasser haikuwa mahali pa kumfichia kijana: Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana hapo na kukubaliana kuheshimu mipaka waliyoirithi kwa wakoloni. Kutoka hapo alikwenda India, kisha China, na mwaka 1970 New York. Digrii zake alizitafuta akiwa kazini, St. Stephen's mjini Delhi na Columbia mjini New York. Balozi mchana, mwanafunzi jioni.

Nyumbani alishika nyadhifa nyingi kwa muda mfupi mfupi. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Waziri Mkuu kuanzia Aprili 1984, siku chache baada ya Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari, halafu Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi. Lakini kazi iliyomkaa barabara aliikuta Addis Ababa.

Mwaka 1989 alichaguliwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Alikaa miaka 12, mihula mitatu, na hakuna Katibu Mkuu wa umoja huo aliyedumu kuliko yeye. Alikuta kanuni moja iliyolindwa kuliko uhai wa watu: mambo ya ndani ya nchi hayaingiliwi na jirani. Mwaka 1993, katika mkutano wa Cairo, viongozi walikubali kuunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro. Chombo kilizaliwa, meno hakikuwa nayo. Agosti mwaka huo mkataba wa amani ya Rwanda ulitiwa saini Arusha, OAU ikiwa imeusimamia kwa karibu na kupeleka waangalizi wachache wa kijeshi. Miezi minane baadaye, 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa Kigali ikitokea Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari yakaanza.

Umoja ule haukuyazuia. Hilo halifutiki, na Salim hakujaribu kulifuta. OAU iliunda jopo huru chini ya Ketumile Masire wa Botswana, na taarifa yake ya mwaka 2000 haikumwacha mtu, OAU yenyewe ikiwemo. Julai mwaka huo huo, mjini Lomé, ilipitishwa Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika. Ibara yake ya 4(h) inaupa umoja haki ya kuingia katika nchi mwanachama panapotokea mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Waliokuwa wakisema jirani asiingie, sasa waliandika kwa mkono wao kwamba ataingia. Salim alipoondoka Addis Ababa mwaka 2001, aliyaacha hayo nyuma yake, na kwangu mimi yana uzito kuliko kiti alichonyimwa New York.

Jeraha kubwa alilipata nyumbani. Mwaka 2005 aliomba CCM imteue kugombea urais, akaingia tatu bora pamoja na Jakaya Kikwete na Mark Mwandosya. Kabla ya kura, maneno yalikwishasambazwa: Hizbu, Mwarabu, hata kuhusishwa na mauaji ya Rais wa Zanzibar, Mzee Karume, ya 7 Aprili 1972, wakati ambao Salim alikuwa balozi New York. Mtu aliyelitetea bara zima kwa miaka arobaini aliulizwa asili yake. Kule Chimwaga, Dodoma, Kikwete alipata kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122. Matokeo aliyapokea. Chama hakukihama. Aliendelea kuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika katika suala la Darfur, Sudan, akawapatanisha watu wagumu huko Abuja hadi mkataba wa Mei 2006, ambao makundi mengine ya waasi yalikataa kuusaini. Baadaye alikaa katika Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Warioba.

Septemba 2019 China ilimtunuku Nishani ya Urafiki, karibu miaka 48 baada ya kura ile ya 1971. Hapa kwetu, Chuo cha Diplomasia cha Kurasini kimepewa jina lake.

Jina juu ya lango ni heshima, lakini halisimulii. Waliokaa naye meza moja New York, waliobeba mafaili yake Addis Ababa, waliolala Abuja wakisubiri waasi waje mezani, bado tunao wengine. Wanafunzi wa Kurasini, wafuateni wazee hao wangali na kumbukumbu, mwaulize, na muyaandike majibu yao kwa Kiswahili.