Mkoba wa miaka kumi na hesabu za karakana ndogo

Zipu ndiyo hufa kwanza. Ngozi ya mkoba bado nzima, mishono imeshika, bitana haijachakaa, lakini meno ya zipu yameachana na mwenye mkoba anautupa. Mafundi wa ngozi wanalijua hili vizuri kwa sababu mikoba ya namna hiyo huletwa kwao, na mara nyingi hawana la kufanya. Zipu imeshonwa pamoja na bitana ndani kabisa, na kuifikia ni lazima kufumua nusu ya kazi. Fundi anayetaka mkoba wake udumu huifikiria siku hiyo kabla hajakata kipande cha kwanza. Zipu huishona kwenye ukanda wa peke yake, juu ya bitana, ili ikiharibika ifumuliwe, iwekwe nyingine, na mkoba urudi begani kwa mwenyewe jioni ileile.

Karakana ndogo za mikoba, pochi, mikanda na makubadhi zimekuwa zikichipuka Moshi, Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Nyingi zinaendeshwa na vijana wawili au watatu wenye cherehani moja na meza ya kukatia. Karibu zote hujitangaza kuwa zinalinda mazingira. Nazipenda karakana hizi, na ndiyo maana nataka zidumu. Maneno mazuri kwenye lebo hayatazidumisha. Kitakachozidumisha ni namna vijana hao wanavyonunua ngozi, wanavyoshona, na wanavyohesabu saa zao za kazi.

Tuanze na ngozi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na ni miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi zaidi Afrika, lakini fundi mdogo anaweza kuhangaika siku kadhaa akitafuta ngozi mbili safi. Ngozi huanza kuharibika mnyama akiwa hai: miiba inaikwaruza, kupe wanaitoboa, na chapa ya moto inapigwa ubavuni, palepale ambapo ungetoka uso wa mkoba. Machinjioni, kisu kinachochuna haraka huacha matundu ambayo hayaonekani mpaka ngozi itengenezwe. Isipowahi kupakwa chumvi, joto linaiozesha. Kenya na Tanzania zote ziliweka ushuru mkubwa kwa ngozi ghafi inayouzwa nje, uliofika asilimia 80, ili viwanda vya ndani vipate malighafi. Nia ilikuwa njema. Lakini viwanda havikutosha kuzimaliza ngozi zote, bei ikaanguka, na kwenye machinjio kadhaa ngozi zikawa zinatupwa. Mfugaji asiyepata hata shilingi kwa ngozi hana sababu ya kuhamisha chapa kutoka ubavuni kwenda mguuni.

Kisha lipo suala la jinsi ngozi ilivyotengenezwa, na hapa wauzaji wengi husema zaidi ya wanachokijua. Sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa kwa chumvi za kromiamu. Kazi hiyo huchukua siku moja hivi, na ngozi hutoka laini, nyepesi, isiyoogopa maji sana. Tatizo ni maji machafu ya kiwandani, ambayo yakiachwa yaende mtoni bila kusafishwa hudhuru watu na viumbe vya majini. Njia ya pili, iliyo kongwe, ni ya magome ya miti. Huchukua wiki kadhaa, ngozi hutoka ngumu na ya rangi ya udongo, hushika alama ya kila tone la maji, na kadiri inavyopigwa na jua na kushikwa na mikono ndivyo inavyozidi kukolea.

Malighafi ya njia hiyo tunayo. Njombe kumekuwa na mashamba ya miwati tangu 1949, pamoja na kiwanda chake, na unga wa magome yake umekuwa ukisafirishwa mpaka Asia, kwenye viwanda vya ngozi vya huko. Inauma kuona gome linatoka kwetu, ng'ombe wapo kwetu, halafu fundi wa Arusha anaagiza kutoka Ulaya ngozi iliyotengenezwa kwa mimea. Hata hivyo sioni haja ya kuisema vibaya kila ngozi ya kromiamu. Kwa mkanda na makubadhi, ngozi ya magome haina mpinzani. Kwa mkoba laini wa begani, ngozi ya kromiamu kutoka kiwanda kinachosafisha maji yake ni chaguo la haki, mradi mteja aambiwe ukweli. Wa kuepukwa ni ule mkoba wa reksini unaouzwa kwa jina la ngozi. Ile ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Huanza kubanduka magamba mapema, na hakuna fundi anayeweza kuitibu.

Ufundi wenyewe unaonekana kwenye mshono. Fundi hubana vipande viwili vya ngozi kwa kibanio cha mbao katikati ya magoti, huweka alama kwa chuma chenye meno kama uma ili matundu yalingane, kisha hutoboa kwa msharasi. Uzi ni mmoja, umepakwa nta, na una sindano kila ncha. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kushoto na nyingine kulia, halafu fundi hufungua mikono kwa pamoja na kukaza. Ukikaa karibu unasikia uzi ukilia kidogo unapopita kwenye ngozi. Kwa mshono huu, uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili bado umeshika. Cherehani hufanya kazi kwa nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika mshono huanza kuachia. Lakini cherehani hupita kwa dakika chache pale ambapo mkono hutumia saa nzima. Karakana yenye busara hupeleka mishono mirefu isiyobeba mzigo kwenye cherehani, na mkono huuachia sehemu zinazovutwa kila siku: mizizi ya vishikio, pembe za chini, na mahali bizimu inapokaa.

Kitambaa nacho kina tabia zake. Kanga ni pamba nyepesi, haiwezi kubeba mzigo peke yake, kwa hiyo nyuma yake lazima iwekwe pamba nzito au turubai. Kabla ya hapo ilowekwe na kukaushwa, ili iruke na kuchuja rangi mapema. Fundi asiyefanya hivyo ataona wekundu wa kanga umehamia kwenye ngozi nyeupe siku ya mvua ya kwanza. Namna ya kuikata nayo inatofautisha fundi na fundi. Mwenye haraka hupiga mkasi katikati ya jina, na ujumbe unabaki nusu. Mwenye jicho huuacha mji ukae usoni mwa mkoba, pindo liende kwenye mkanda wa begani, na jina likae zima kwenye mfuko wa ndani, mahali ambapo mwenye mkoba atalisoma peke yake. Kikoi, kwa kuwa kimefumwa kizito zaidi, huvumilia kazi za nje vizuri.

Kwa vitenge, tahadhari. Vingi vilivyopo sokoni vinatoka nje, na baadhi si pamba hata kidogo. Chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua na kuacha jivu linalonukia karatasi. Plastiki huyeyuka ikawa punje ngumu. Kosa la namna hiyohiyo tulilifanya watu wengi baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019. Ile mifuko mbadala iliyojaa madukani, yenye sura ya kitambaa, mingi ni plastiki pia, na Kenya ikaamua kuipiga marufuku mwaka 2019. Nafasi ya mfuko wa pamba halisi, wa kufuliwa na kutumika miaka, bado iko wazi kwa karakana zetu.

Vipisi vya ngozi ni somo ninaloliona likifundishwa vibaya. Vijana huambiwa kwamba hakuna cha kutupa, basi kila kipisi kinageuzwa hereni, kishika funguo au maua, mpaka rafu inajaa vitu ambavyo hakuna anayevinunua. Huko ni kuchelewesha taka tu, tena kwa kupoteza saa za kazi. Kinachookoa ngozi ni upangaji kabla ya kukata. Mgongo wa ngozi umekaza na hauvutiki, kwa hiyo mikanda na vishikio vitoke hapo. Tumbo ni legelege, liwe mifuko ya ndani. Violezo vya kadibodi vilazwe vyote juu ya ngozi, vizungushwe na kusogezwa kukwepa makovu, ndipo kisu kishuke. Na kovu la mwiba lisilotoboa si lazima lifichwe. Ng'ombe aliishi porini, na mteja akielezwa huelewa.

Sasa fedha, maana karakana nyingi zinafia hapa. Tuseme ngozi, bitana, zipu, bizimu, uzi na gundi ya mkoba mmoja vimegharimu shilingi 45,000. Kodi ya chumba, umeme na matengenezo ya cherehani, kwa mgawo wa mkoba huo, ni 10,000. Kazi imechukua saa 10. Fundi anauuza 70,000 na kujiambia amepata faida ya 25,000. Toa ile 10,000 ya chumba, zinabaki 15,000, yaani amejilipa 1,500 kwa saa, na faida ya kununulia ngozi ya mwezi ujao hakuna. Kama saa yake ni 4,000, mkoba huo umemgharimu 95,000 kabla ya faida yoyote. Bei hiyo inawatisha wateja, najua. Lakini karakana inayouza chini ya gharama yake inakula mtaji, na siku ikifungwa ile ahadi ya kutengeneza mikoba iliyoharibika inafungwa nayo.

Kuna mtego mwingine wa mali kauli. Duka la watalii linachukua mikoba kumi na tano, linaahidi kulipa ikishauzwa, na fundi anakaa miezi mtaji wake ukiwa kwenye rafu ya mwingine, jua la dirishani likizipausha ngozi. Afadhali mikoba mitatu kwa fedha taslimu. Kwa oda maalumu, arbuni ya nusu iingie kwenye simu kabla kisu hakijagusa ngozi, na mteja apewe tarehe inayotimizika.

Ukarabati uwe huduma yenye bei yake, iliyobandikwa ukutani: kubadilisha zipu, kushona upya kishikio, kupaka mafuta. Mteja anayerudi na mkoba wa zamani mara nyingi huondoka ameagiza na mkanda. Na fundi hujifunza kwenye mikoba iliyorudi yale ambayo hakuna mwalimu atamfundisha, kwa kuwa anaona kwa macho yake ni wapi kazi yake ilishindwa.

Utaalamu nchini upo. Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha teknolojia ya ngozi, na Karanga, Moshi, kilizinduliwa kiwanda kikubwa cha ngozi na viatu mwaka 2020. Pengo liko katikati. Viwanda hupenda kuuza kwa shehena, na karakana inahitaji ngozi tatu za mbuzi na nusu ya ngozi ya ng'ombe. Kwa hiyo fundi anabaki kununua kwa mchuuzi, kwa bei ya mchuuzi, bila kujua ngozi imetoka wapi wala imetengenezwa kwa dawa gani.

SIDO, shirika la serikali la kuendeleza viwanda vidogo, imekuwepo tangu 1973 kwa ajili ya wazalishaji wadogo wa namna hii, na ina ofisi mikoani. Naomba ianze na ghala moja, hata Moshi pekee, ambako fundi ataingia na kununua ngozi kwa futi, iliyopangwa kwa daraja na kuandikwa kiwanda ilikotoka na njia iliyotumika kuitengeneza. Na wewe msomaji, utakapoulizia bei ya mkoba wikiendi hii, muulize pia fundi kama ukikatika atautengeneza, na kwa shilingi ngapi.