'Fazi lojiki' si mantiki ya ukungu

Wiki jana mwanafunzi wa kompyuta alinisimamisha hapa Kakamega, karibu na lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. "Mwalimu, fazi lojiki ni nini kwa Kiswahili?" Mwenyewe alikuwa ameandika 'mantiki ya ukungu'. Nikamwambia, ngoja kwanza. Ukungu huficha mambo. Tena ndio ule unaoota kwenye mkate!

Ukiuliza kibandani kama chai ni moto, hujibiwi ndiyo au la. Utaambiwa, "Iko vuguvugu, nikupashie?" Mwaka 1965 Lotfi Zadeh wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliipa hali hiyo hesabu yake: chai yaweza kuwa moto kwa kiwango cha 0.4, si 0 wala 1. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa kwa mantiki hiyo.

Kijana wetu anaitaka ndani ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, pale programu nyingi zinapogombea kichakataji kimoja. Tuseme sheria ni kwamba iliyosubiri milisekunde 100 ihudumiwe kwanza. Basi ya 99 inaachwa, ya 101 inapita. Haki gani hiyo? Kwa mantiki ya Zadeh, zote mbili zimesubiri 'sana' kwa viwango vinavyokaribiana. Sheria husema: ikiwa programu imesubiri sana na kazi yake ni fupi, kipaumbele chake kipande. Kila sheria huchangia kwa kiasi inavyotimia, kisha michango huunganishwa ikawa namba moja, nayo ndiyo inayopanga foleni. (Shaka yangu ni kwamba hesabu zote hizo nazo hula muda wa kichakataji kilekile.)

Sasa, kama mwisho wake ni namba, ukungu uko wapi? Mimi napendekeza 'mantiki ya kadiri'. Neno hili limebeba kiasi na kipimo, na tayari lina jamaa zake: kukadiria, makadirio. Wapo watakaosema kukadiria ni kubahatisha tu. Lakini fundi anayekadiria mbao za paa habahatishi, la sivyo angelipa hasara kila siku.

Kijana amebadilisha kichwa cha mradi wake, ila 'ukungu' ameuacha kwenye mabano. Nimemwambia aufute.